Picha ni za Wenye Santuri, Sauti ni ya Siti binti Saad

Wako watu wenye ada ya kukusanya picha za kale. Mmoja hutafuta picha za majahazi, mwingine za magari ya moshi, na mwingine hutafuta picha za santuri za zamani pamoja na wenyewe waliozimiliki. Huyu wa mwisho ndiye anayetuhusu leo. Kama atatoka Nairobi akashika njia ya Ruiru mpaka Thika, ambako watu wa pwani na Waislamu wa asili mbalimbali wamekaa tangu enzi za wazee wao, asishangae akifunguliwa kasha akaonyeshwa picha ya namna hii: mtu mzima aliyevaa kanzu na koti, kofia ya kazi kichwani, ameketi wima kwenye kiti. Kando yake pana meza ndogo iliyotandikwa kitambaa, na juu ya meza pana sanduku lenye pembe iliyofumbuka kama ua. Mkono wa bwana yule umewekwa juu ya sanduku, kama mtu anayemshika mwanawe begani.

Reli ilifika Thika mwaka 1913, na pamoja nayo wakaja wenye maduka, mafundi, wapishi na madereva, wengi wao wakizungumza Kiswahili. Mtu aliyetoka kwao pwani akapata kazi bara, alipojaliwa vijisenti vya kuweka kando, alinunua kitu cha kumliwaza jioni. Santuri ilimfaa sana, kwa kuwa haikuhitaji umeme. Ilikazwa kwa mkono kama saa, ikatiwa sindano, ikawekewa sahani, na nyumba ikajaa ngoma na udi.

Mkusanyaji hodari huisoma picha kama barua. Akiona mcheduara mwembamba mfano wa gilasi, hujua hiyo ni fonografu ya nta, jamaa ya ile aliyoivumbua Thomas Edison wa Marekani mwaka 1877, na ambayo kampuni yake iliacha kuitengenezea michedua hiyo mwaka 1929. Akiona sahani bapa, hujua hiyo ni gramafoni, kazi iliyoanzishwa na Emile Berliner mwaka 1887. Akiona kisanduku cha kubeba mkononi mfano wa sanduku la safari, na alama zake zikimwonyesha kuwa ni ile namba 101 ya His Master's Voice, hujua picha haikupigwa kabla ya mwaka 1925, maana ndipo ilipotolewa. Hujihadhari pia na jambo moja: wapiga picha wa zamani walikuwa na vyombo vyao vya kupambia studio, na si kila aliyeshika santuri pichani alikuwa mwenye santuri.

Hayo yote picha huyasema. Lakini liko swali moja ambalo haina ulimi wa kulijibu: ndani ya sanduku lile, aliyekuwa akiimba ni nani?

Kwa nyumba ya Mswahili, tangu mwaka 1928 na kuendelea, jibu la kwanza la kukisia ni jina moja. Ni marehemu Siti binti Saad wa Unguja. Yafaa basi tumkumbuke, kwa sababu bila yeye picha zile ni za masanduku matupu.

MTOTO WA FUMBA

Siti alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini-magharibi ya kisiwa cha Unguja. Babake, Saad, asili yake ilikuwa Unyamwezi, na mamake alitoka kwa Wazigua. Watu hao walikuwa miongoni mwa maelfu waliofikishwa visiwani na msukosuko wa zama za utumwa. Jina alilopewa mtoto yule lilikuwa Mtumwa. Halikuwa jina la mzaha wala la kubembelezea mtoto, bali lilitaja hali ya watu wake waziwazi. Amri ya kufuta utumwa Unguja ilipotolewa mwaka 1897, yeye alikuwa msichana wa miaka kumi na saba hivi.

Hakupata kusoma wala kuandika. Alichojifunza ni kazi ya mikono ya mamake, nayo ni ufinyanzi. Alichimba udongo, akaukanda, akafinyanga vyungu, akavichoma, kisha akavibeba kichwani kwenda kuviuza mjini. Kutoka Fumba mpaka mjini ni mwendo wa saa kadhaa kwa miguu. Njiani aliimba, na alipofika mitaani alinadi bidhaa yake kwa sauti. Yasimuliwa kwamba watu walikuwa wakiisikia sauti kabla ya kuviona vyungu, na kwamba wako waliotoka mlangoni si kwa haja ya chungu, bali kumtazama mwenye sauti.

Aliolewa angali kijana, akazaa binti, kisha ndoa ile ikavunjika. Ilipofika mwaka 1911 au karibu yake, aliihama Fumba akaja kukaa mjini. Hakuja Mji Mkongwe penye majumba ya mawe. Alikaa Ng'ambo, upande wa pili wa hori, penye nyumba za udongo na makuti, walikokaa wachukuzi, wavuvi, mafundi na watu waliokuwa watumwa juzi na jana.

TAARABU YATOKA BARAZANI

Wakati huo taarabu ilikuwa na wenyewe. Wengi husimulia kwamba Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ndiye aliyeileta kutoka Misri na kuifanya pumbao la kasri. Mwaka 1905 vijana wa mjini walianzisha chama cha Nadi Ikhwani Safaa, kikawa ndicho mama wa vyama vya taarabu Unguja. Lakini nyimbo zilikuwa za Kiarabu, waimbaji walikuwa wanaume, na wasikilizaji walikuwa watu wa daraja. Mtu wa Ng'ambo aliyesimama nje ya dirisha alipata sauti, maana yake hakuipata.

Mpiga muziki mmoja wa Ikhwani Safaa alimsikia yule mwuza vyungu, akatambua kuwa kipaji kile kimekosa mafunzo tu. Akamfundisha mizani na mahadhi, na namna ya kuimba pamoja na ala. Siti alikuwa na hifadhi ya ajabu. Kwa kuwa hakujua kuandika, kila alichofundishwa alikiweka kifuani, nacho hakikutoka. Husifiwa pia kwa uzuri wa sauti yake alipoisoma Qur'ani, na alikuwa akialikwa kwa ajili hiyo. Wasomaji wa ukurasa huu waliopitia chuoni wanajua kwamba pumzi na matamko hutengenezwa hapo kwanza. Mtu aliyezoea kulitoa neno katika makhraji yake hapati taabu anapolitia katika wimbo.

Baadaye wakakusanyika naye mafundi wengine: Subeti bin Ambari, Mbaruku Effandi Talsam, Buda bin Mwendo na Maalim Shaaban. Likawa kundi moja, na nyumba ya Siti ikawa baraza. Watu walikuja jioni kusikiliza mazoezi na kupiga soga, wakaleta habari za mahakamani, za sokoni na za mitaani. Habari iliyoingia mlangoni usiku huu ilitoka wimbo baada ya siku chache.

Hapo ndipo ilipo kazi kubwa ya Siti. Aliitwaa taarabu ya kasri, akaiimba kwa Kiswahili cha watu wake na kwa mambo yao. Wimbo wake uitwao Kijiti ni mfano mzuri. Unahusu mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Muuaji alitoroka, akavuka bahari, na mkono wa sheria ukawaangukia waliomkaribisha yule maiti alipokuwa hai. Hakuna karani wa mahakama aliyeiandika kesi ile kwa namna ambayo watu waliikumbuka. Walioiandika ni waimbaji, nayo ingali inaimbwa.

Siti aliimba arusini kwa maskini, akaimba kwa matajiri wa Kihindi na wa Kiarabu, akaitwa kumwimbia Sayyid Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 hadi 1960. Ndipo jina la Mtumwa likafa, likazaliwa la Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi wa heshima. Jina hilo hakurithi kwa mtu. Alilivuna kwa koo lake.

Mwenye kupanda hakosi wa kumvuta shuka. Wapinzani wake walimtungia nyimbo za kumkejeli, wakamkumbusha kwamba alikuja mjini kutoka shamba na kaniki zake, na wakamtia ila ya sura. Kaniki ilikuwa vazi la watumwa, kwa hiyo tusi lile lilikuwa refu kuliko nguo yenyewe. Siti hakugombana nao. Aliwajibu kwa wimbo, akaonyesha kwamba thamani ya mtu haipimwi kwa uso wake. Jibu lile limeishi kuliko kejeli.

SAFARI YA BOMBAY

Mwezi wa Machi mwaka 1928, Siti na kundi lake walipanda meli kwenda Bombay, kwa ajili ya Kampuni ya Gramophone ya Uingereza, ile yenye chapa ya His Master's Voice. Msomaji wa makamo ataikumbuka chapa hiyo: mbwa ameinamisha kichwa mbele ya pembe, akiisikiliza sauti ya bwana wake. Asili yake ni picha ya kuchorwa na Mwingereza aitwaye Francis Barraud. Mwanzoni alimchora mbwa huyo mbele ya fonografu ya nta. Kampuni ilipotaka kuinunua, akaifuta fonografu, akachora gramafoni ya sahani mahali pake. Basi hata picha mashuhuri kuliko zote za santuri duniani ilibadilishwa ili imridhishe mwenye mali. Na ukiitazama vizuri utaona kwamba mwimbaji hayumo. Yumo msikilizaji na chombo.

Kazi ya Bombay haikuwa nyepesi. Wimbo wa taarabu arusini hauna haraka, waweza kwenda mpaka watu wakatuzana na kutuzana tena. Lakini upande mmoja wa sahani ya zama zile, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ulichukua dakika tatu na kidogo tu. Wimbo ukabidi ukatwe na kupimwa kama nguo kwa fundi. Sahani zenyewe zilitengenezwa kwa namna ya lakiri, utomvu wa wadudu unaopatikana sana India. Zilikuwa nzito, nyeusi, zikianguka huvunjika kama kigae. Mfinyanzi wa Fumba akaiona sauti yake imetiwa katika chombo ambacho, kama vyungu vyake, hakikustahimili kuangushwa.

Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake iliingia katika santuri. Sahani zake ziliporudi zilinunuliwa kwa wingi ambao wenye kampuni hawakuutarajia. Wakarekodiwa zaidi yeye na wenzake, na makampuni mengine yakaamka yakaja kuwatafuta waimbaji wa Kiswahili katika mwambao. Zikapita Unguja na Tanganyika, zikashuka Mombasa, zikapanda gari la moshi kwenda bara mpaka Uganda.

Mwaka ule ule wa 1928, huko kwao Ng'ambo, watu waligoma kulipa kodi ya ardhi waliyojengea vibanda vyao. Siti alikuwa mtu wa mtaa huo. Wakati jirani zake wakibishana na wenye ardhi juu ya haki ya kukaa, sauti ya mmoja wao ilikuwa imekwisha ingia katika nyumba za watu asiowajua, wala haikudaiwa kodi.

MWENYE SANTURI NA WASIKILIZAJI

Turudi sasa kwenye zile picha za Ruiru na Thika. Tunamwona mwenye santuri peke yake, kwa sababu yeye ndiye aliyelipa. Lakini santuri za miaka ile hazikusikilizwa na mtu mmoja. Santuri moja ilitosha mtaa. Palipokuwa na mkahawa wenye santuri, watu walinunua kikombe kimoja cha kahawa wakakikalia usiku kucha. Palipokuwa na santuri nyumbani, majirani waliingia bila kualikwa, watoto wakachungulia dirishani, na kina mama wakasikiliza kutoka uani. Mtu aliyekuwa mbali na kwao, akila posho ya bara na baridi ya asubuhi, alisikia Kiswahili cha visiwani na habari za watu wanaofanana na watu wake. Kwa dakika tatu alikuwa nyumbani.

Wanazuoni nao walikuwa na la kusema juu ya chombo hiki. Swali la hukumu ya fonografu, na hasa Qur'ani inaposikika kutoka ndani ya mashine, liliwashughulisha Waislamu tangu mwisho wa karne ya 19. Huko Batavia, Sayyid Uthman bin Abdallah bin Yahya, mtu wa asili ya Hadhramaut, aliandika fatwa juu yake. Kwetu pia wako wazee waliokataa santuri isiingie nyumbani, na wako walioiruhusu kwa masharti. Hatuna haja ya kuamua ugomvi wa waliotutangulia. Yatosha kujua kwamba mtu aliyepiga picha na santuri yake alikuwa akitangaza jambo, si utajiri peke yake. Alikuwa amechagua upande.

Na hapa ndipo lilipo neno tunalotaka kulisema. Picha ya zamani ilikuwa ya mwenye nacho. Ilihitaji fedha, ilihitaji kanzu iliyopigwa pasi, ilihitaji kutulia mbele ya mtambo wa mtu. Maskini aliingia pichani kwa bahati, akiwa mtumishi aliyesimama pembeni, asiyeandikwa jina. Santuri ilifanya kinyume. Ilimchukua mwana wa watumwa, mwuza vyungu asiyejua kusoma, ikaiweka sauti yake mahali ambapo ya sultani mwenyewe haikufika. Picha za Siti zinazojulikana sana ni chache. Hakuwa na albamu. Lakini tunajua alivyovuta pumzi, alivyolikata neno, na alivyolirefusha. Mabwana wa picha zile tunajua kofia zao, lakini hatujui hata mmoja wao alikuwa akikohoa vipi.

MWISHO WA SITI NA KILICHOBAKI

Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950, akiwa na miaka sabini hivi. Mwenyezi Mungu amrehemu. Shaaban Robert, bingwa wa lugha yetu, aliuandika wasifu wake, na kwa kitabu hicho jina lake likaingia madarasani. Bi Kidude binti Baraka, aliyefariki mwaka 2013, alizichukua nyimbo zake akaziimba mpaka Ulaya. Waandishi wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao mwaka 1988, waliliita Sauti ya Siti. Kwa mtu aliyezaliwa akaitwa Mtumwa, huo si urithi mdogo.

Lakini urithi huo una nyufa. Sahani za lakiri zimevunjika kwa maelfu. Nyingine ziligeuzwa vifuniko vya mitungi, nyingine zilichezewa na watoto. Picha nazo huliwa na mchwa na unyevu, na mbaya zaidi, huliwa na usahaulifu. Mzee anapofariki, wajukuu hukuta kashani sura wasizozijua, wakazitupa au wakampa mpita njia kwa bei ya soda. Mkusanyaji anayeinunua picha ya namna hiyo amenunua karatasi. Jina limebaki kaburini.

Kwa hiyo wenye picha hizi, walio Ruiru na Thika na walio Mombasa, Lamu na Tanga, wana kazi ndogo ya kufanya wangali na wazee wao. Kwanza, waulize aliye pichani ni nani, alitoka wapi, na alifanya kazi gani, kisha waandike nyuma ya picha kwa penseli laini, maana wino hupenya. Pili, waulize kama santuri ile ilikuwa yake au ya mpiga picha. Tatu, na hili ndilo wakusanyaji wengi hulisahau, waulize nyumba ile ilikuwa na sahani gani, na ni wimbo upi uliopigwa mpaka ukakwaruzika. Mkusanyaji naye asiichukue picha bila kuwaachia wenyewe nakala yake.

Pengine bibi mmoja aliyekaa kimya siku nyingi atasikia swali hilo la tatu, atafikiri kidogo, kisha ataanza kuimba wimbo wa Siti alioushika kwa mamake, aliyeusikia kutoka uani wakati wanaume wakisikiliza barazani. Mwandikieni wimbo huo wote, msiruke ubeti, na jina lake mliandike chini yake.